Evolue wa Kinga ya Kuazima

Waliokuwepo uwanjani siku ile, wa kwetu, niwataje kwanza, nisije nikafika katikati mtu akauliza, we, huyu naye katoka wapi. Alikuwepo baba yangu, Sefu wa Mabruki, fundi wa baiskeli, mwenye banda mtaani kwetu Buyenzi. Alikuwepo mama mkubwa Mwamini, dada wa mama yangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwepo mume wa Mwamini, ambaye kwa baba yangu alikuwa mwanyumba, maana wameoa ndugu wawili. Huyu mama yake alimzaa akamwita Yusufu, lakini alipopata meza katika ofisi ya Wabeleji akawa Zozefu, na ukimwita Yusufu alikuwa anageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba unaita mtu mwingine. Alikuwepo Bi Tausi, jirani yetu muuza maandazi, ambaye hakualikwa, lakini Bi Tausi hakuwahi kualikwa popote na hakuwahi kukosa. Alikuwepo Mzungu wa ofisi ya mambo ya wenyeji, ambaye jina lake halisi ofisini wanalijua wao, sisi tulimwita Bwana Sasaivi kwa sababu kila amri yake iliishia hapo: leta sasa hivi, ondoka sasa hivi. Na mimi nilikuwepo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Mama yangu alibaki nyumbani na mtoto mchanga, ndugu yangu Hamisi, Mungu amrehemu. Waliobaki wote walikuwa watu tu, nyuma ya kamba.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Vita hivi vilipoanza, vijana walikuwa wanafunga barabara na kuchoma matairi, na siku hizo wakazipa jina la Kifaransa, vil mort, mji uliokufa, wakijisifu kama kwamba kuua mji ni ufundi. Moshi ulikuwa unashuka Buyenzi mpaka kwenye masufuria. Wajukuu wanakohoa, mimi nimekaa kizingitini nanusa kama mjinga. Mpira ukiungua mimi siwaoni wale wahuni. Namwona baba yangu amechuchumaa, kiraka juu ya tyubu, chuma cha moto juu ya kiraka, midomo ameibana, anasubiri mpira ushikane na mpira mwenzake. Wale vijana hata kiraka kimoja hawajawahi kubandika maishani mwao. Kuchoma ndiyo kazi yao, na waliowatuma walikuwa wamekaa kwao, mbali na moshi, wanakunywa bia baridi. Nasema hivyo kwa wakubwa wa pande zote, asijitoe hata mmoja.

Basi, kinga. Kwetu baiskeli ni kinga, mnajua. Wazungu na makarani wao waliiita velo, na mtu akitaka kuonekana ametoka mjini naye alisema velo. Banda la baba lilijaa kinga zimepinduliwa, miguu juu, kama mbuzi waliochinjwa. Yake mwenyewe ilikuwa ya kijani, ameiunga mwenyewe, fremu ya huyu, magurudumu ya yule, na kengele aliyoitoa bandarini kwa mtu wa meli ya Kigoma. Ukiipiga, kuku wa mtaa mzima walikimbia. Ijumaa baba aliipaka mafuta kabla hajajipaka mwenyewe.

Sasa ninyi wa umri wangu mnawakumbuka maevolue. Watoto wetu hawajui, na wala hawajapoteza kitu. Walikuwa watu weusi ambao Wabeleji waliwatazama, wakawapima, wakasema, haya, huyu amestaarabika. Anavaa viatu hata ndani ya nyumba yake. Ana mke mmoja. Anamwamkia mama yake kwa Kifaransa, mama hajui aitikie nini. Zozefu alipoanza kuutafuta ustaarabu huo alinunua meza, na juu ya meza akaweka uma na visu, na Mwamini wa watu, ambaye alikuwa na mkono mzuri wa kumega bugali kuliko mwanamke yeyote wa kwetu, akaketishwa hapo ashike vyuma. Nimeona kwa macho yangu haya mtu mzima akimkata ndagala kwa kisu. Ndagala. Samaki ambaye ukikohoa anaruka kutoka kwenye sahani. Zozefu alimshika kwa uma, akamtenga kichwa, akamtenga mkia, na kilichobaki akakitafuna muda mrefu.

Mimi neno lenyewe sikulisikia vizuri. Watu wazima walipokuwa wakisema Zozefu anataka kuwa evolue, mimi nilisikia velo. Nikaelewa kwamba evolue ni mtu wa velo. Mtoto akishaelewa hivyo, mengine yote yanajipanga. Zozefu anahangaika kwa sababu hana kinga, masikini, anakwenda ofisini kwa miguu. Na baba yangu, ambaye ana kinga moja ya kupanda na banda zima la nyingine, huyo ndiye evolue mkuu wa mji wetu wote wa Usumbura, hana haja ya kusema. Nilikuwa nikilala na fahari hiyo. Hakuna aliyenisahihisha, maana nani anamwuliza mtoto anafikiri nini.

Zozefu akaja bandani. Nilikuwepo, nachezea kopo la maji ambalo baba alizamishia tyubu kutafuta tundu. Akasimama pale ambapo mafuta hayajamwagika, suruali ameishika kwa vidole viwili.

"Mwanyumba," akasema, "watanipa medali. Pale uwanjani Plasi, mbele ya mukubwa anayetoka Ulaya."

"Pongezi," baba akasema, bila kuinua kichwa.

"Wanataka kuona mutu na jamaa yake. Naomba kinga yako. Na huyu mutoto."

Hapo baba akainua kichwa. "Kinga nimesikia. Mutoto naye utamutia pompa?"

"Usicheke, Sefu. Kila evolue atakuja na mutoto mwenye viatu. Mi sina."

"Hauna viatu ama hauna mutoto?"

"Vyote."

Baba akacheka kidogo, akarudi kwenye tyubu yake. Ndipo Zozefu akainama, akashusha sauti, lakini mimi na kopo langu tulikuwa chini, sauti ikishuka inatukuta sisi. Akasema, "Nikikosa medali kwa sababu ya nyumba tupu, Mwamini atarudi kwenu. Ndoa yetu ni ya sheikh, kwa padri haihesabiwi. Nitaoa wa misheni, anayezaa. Sitaki kufanya vile. Wewe ndiye utakuwa umenifanyisha."

Tazameni mtu huyo. Anakuja kuazima kinga, anaazima na mtoto, na juu yake anamwekea mwenye vitu kosa la mambo ambayo yeye mwenyewe ameshayapanga. Baba akazungusha gurudumu lililokuwa mbele yake, akalisikiliza mpaka liliposimama lenyewe.

"Chukua," akasema. "Kwa ajili ya Mwamini."

Mimi nikaelewa kwa ufahamu wangu: Zozefu anaazima kinga ili na yeye ajaribu kuwa evolue siku moja. Nikamwonea huruma.

Nikapewa viatu vya mtoto wa karani mwingine, vikubwa, ncha zimejazwa pamba. Mwamini alinisuka, akafumua, akanisuka tena, na mimi nikadhani ni furaha. Zozefu akanifundisha somo lake. Ukiulizwa baba yako nani, useme Zozefu. Nikasema Zozefu. Tena. Zozefu. Akafurahi, akasema huyu mutoto ana akili. Akili nilikuwa nayo, lakini hakuniambia wataniuliza na mengine.

Uwanja ule mnaujua, ule mkubwa wa katikati ya mji. Umeshapewa majina mengi. Kila anayeingia madarakani anataka uitwe jina lake, na majani yaliyo pale hayajui kusoma. Sisi tuliuita Plasi tu. Wakati huo ulikuwa na majani ambayo mtu haruhusiwi kukanyaga, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mlingoti wa bendera, na barabara zikiteremka kuelekea bandarini. Mchana mwenyeji aliweza kupita, kama ametumwa kitu. Ikilia filimbi ya jioni, mtu mweusi asiye na ruhusa asionekane huko. Wajukuu wangu wanadhani kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, imeanza na vita hivi. Nawaambia, kuvrefe ni mzee kuliko mimi, amebadilisha nguo tu.

Siku ile walikuwa wamefunga kamba nene ya meli kuzunguka uwanja, inanuka lami na ziwa. Ndani ya kamba kulikuwa na kivuli cha turubai na viti vya Wazungu, na pembeni, karibu na kivuli lakini si ndani yake, mabenchi ya maevolue. Nje ya kamba jua lote lilikuwa letu sote tuliobaki, wa Buyenzi na wa mtaa wa Belge na wachukuzi wa bandarini. Baba alisimama mbele kabisa, kifua chake kimegusa kamba. Alikuja kumwangalia mtoto wake asianguke na viatu vile, ndivyo alivyomwambia mama.

Zozefu aliingia na suti nyeupe, kofia ngumu kama ya Mzungu, na ile kinga ya kijani anaisukuma. Anaisukuma, nasema, kwa sababu hakujua kuipanda. Alikuwa ameficha hilo miaka yote. Mwamini kulia, mimi kushoto, kinga katikati yetu kama ng'ombe wa mahari. Kutoka nyuma ya kamba nikamsikia Bi Tausi: "Ehe, mutazame Yusufu anatembeza velo, velo ya watu inataka kukojoa?" Watu wakacheka. Safari hii Zozefu hakugeuka hata kumtafuta huyo Yusufu.

Wakapanga maevolue mstari. Mkubwa wa kutoka Ulaya alikuwa mfupi, jasho linamtiririka, anatamani kwenda kulala. Bwana Sasaivi alitangulia mbele yake akitazama kila jamaa, kola, viatu, kucha za watoto. Akafika kwetu. Akamtazama Mwamini, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Angepita. Lakini akaiona kinga, akaipiga kengele kwa kidole, na ile kengele ikalia mpaka bandarini, akafurahi kama mtoto. Akaniinamia.

"Velo nzuri. Hii ni ya nani? Sema sasa hivi."

Somo hilo sikufundishwa. Nikajibu ukweli, kwa sauti, kama mtu anayejua: "Ya baba. Yule pale kwenye kamba. Yeye ndiye evolue. Huyu ameazima tu."

Mkono wa Mwamini ulikuwa umeshika wangu, na kucha zake zikaingia. Bwana Sasaivi akanyooka, akafuata kidole changu, akamwona baba, mikono yake na ule weusi wa grisi usiotoka hata kwa mchanga. Akamgeukia Zozefu. Zozefu akasema maneno mengi ya Kifaransa, haraka haraka, kisha akasema kwa Kiswahili, ili na upande wa pili wa kamba wasikie na wasimharibie:

"Ni boi wangu, Bwana. Amemubeba mutoto tangu kuzaliwa. Mutoto amezoea kumuita baba."

Askari akamnyanyulia baba kamba, baba akapita chini yake, akaja kusimama juu ya yale majani. Bwana Sasaivi akamwuliza, "We ni nani?"

Sasa fikirini. Angesema neno moja tu, mwanangu, na suti yote ile nyeupe ingebaki haina mtu ndani. Alikuwa na haki. Watu wa Buyenzi nzima walikuwa wanangoja alitamke. Baba akamtazama mwanyumba wake, na katika macho yake niliona kitu ambacho sikukijua wakati ule na leo nakijua, maana kimenikalia mwenyewe. Si hasira. Ni vile mtu anavyotazama tyubu iliyooza, ambayo haina faida kuibandika. Halafu akamtazama Mwamini. Mwamini alikuwa anatazama chini, midomo inasoma kitu.

"Mi ni boi wake, Bwana," baba akasema. "Ninamusafishia velo."

"Umesafisha vizuri. Rudi nyuma ya kamba. Sasa hivi."

Baba akainama tena, akapita chini ya kamba. Bi Tausi akampokea: "Sefu, tangu lini?" Na Zozefu akabandikwa medali yake. Niliiona karibu. Ilikuwa ndogo kuliko kizibo cha soda.

Wateja hawakumwacha baba apumue. Kwa muda mrefu mtu alifika bandani akasema, "Boi wa Zozefu, pompa iko wapi?" Baba alimpa pompa. Mmoja akazidisha, akauliza bandani mbele ya watu kama boi pia anafua nguo za ndani za evolue. Baba akasema, "Mi nilifanya ile kazi siku moja nikamaliza. We unaifanya kila siku, na tairi yako haina upepo." Yule akachukua pompa, akainamia tairi yake. Mimi nilimwuliza kwa nini alimwambia Mzungu uongo. Akaniambia, "Nilikuwa naziba tundu." Basi. Sikuona tyubu yoyote pale uwanjani, nikadhani amechoka.

Kinga haikurudi. Zozefu alisema mtu mwenye medali haonekani bila velo, atairudisha akipata yake. Akawa anaisukuma kwenda ofisini, anaisukuma kurudi, asubuhi na jioni, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo kama mpanda baiskeli hodari. Mji mzima unamtazama na hakuna aliyemwambia, maana medali iko kifuani.

Na Mwamini? Mvua hazijarudi, tukasikia kengele. Kuku wakakimbia. Nikatoka nje mbio, nikidhani kinga yetu imeletwa. Zozefu alikuwa anaisukuma, nyuma kwenye keria amefunga sanduku la Mwamini, na Mwamini anatembea pembeni analishikilia lisianguke. Zozefu akalifungua kamba, akaliweka kizingitini kwetu. Padri ameshakubali, akasema. Bibi harusi wa misheni aliitwa Kolotilda. Kisha akaigeuza ile kinga, kinga ya baba yangu, iliyomleta shemeji wa baba yangu na sanduku lake, akaanza kuisukuma kurudi zake. Baba alisimama na kitambaa cha grisi mkononi. Kitu pekee alichosema ni, "Mnyororo unataka mafuta."

Tulipokaa kula, Mwamini alimega bugali kwa mkono, akauchovya kwenye ndagala, akala. Akautazama mkono wake mbele na nyuma. "Nilikuwa nimeusahau huu," akasema, na mama akacheka mpaka akalia. Mwamini aliishi kwetu mpaka alipokufa, na katika nyumba yetu hapakuingia uma.

Juzi juzi tumeitwa tena uwanjani. Amani imetiwa sahihi, wakasema, njooni mshangilie. Nikaenda na mjukuu wangu Zaituni, ambaye baba yake, mwanangu Saidi, alikwenda mtaa wa Kinama kuchukua ndizi vita vikiwa vichanga na hakurudi. Nilitaka Zaituni aione amani yenyewe ina sura gani, kwa kuwa imemgharimu yeye. Tukatembea kutoka Buyenzi. Kumbe ni palepale. Kamba ipo, siku hizi ni ya plastiki. Turubai lipo, viti vipo, jua ni letu. Wale waliokuwa wakiwatuma vijana kuchoma matairi wamekaa kivulini, wamepakana na wale waliokuwa wanatupigia mabomu kutoka milimani, wanapeana chupa za maji, wanachekeana.

Akasimama kusema mtu mnene, wanamwita mheshimiwa. Nikamjua kwa pua yake. Feliksi, mtoto wa Zozefu na Kolotilda. Huwa anakuja Buyenzi kwenye misiba mikubwa, ile yenye watu wengi. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba uwanja huu kwake ni kama nyumbani, kwamba baba yake aliheshimiwa hapa kwa jasho lake, alikuja hapa akipanda baiskeli yake mwenyewe.

Akipanda.

Nikacheka. Sikujizuia, na askari mmoja akanigeukia. Mheshimiwa naye akaona mwanamke mzee aliye mbele kwenye kamba, akanitambua, akanipungia mkono kwa tabasamu la watu wa picha. Watu wakanitazama kwa heshima mpya.

"Bibi," Zaituni akaninong'oneza, "yule mukubwa anakujua?"

"Ananijua," nikamwambia, wala sikunong'ona. "Ni mutoto wa boi wetu. Baba yake alipewa kinga ya baba yangu aisukume, mpaka leo hajafika."

Haya ndiyo ninayokumbuka. Nimesoma kidogo, Kurani na madarasa ya mwanzo, na kichwa kimezeeka, kwa hiyo mliokuwepo mnisahihishe. Pengine kamba haikuwa ya meli. Pengine Bi Tausi alisema kuhara na si kukojoa, wajukuu zake wapo, mnaweza kuwauliza. Rangi ya kinga ilikuwa kijani, hapo msijisumbue. Na kama yupo atakayesema nimemsingizia Zozefu, kwamba alijua kupanda, basi na aniletee mtu mmoja aliyewahi kuiona miguu yake yote miwili juu ya pedali. Aje Buyenzi mchana, aulize nyumba ya binti Sefu. Nitampikia ndagala, na uma nitamtafutia.